MIGUU YA NANI, KICHWA CHA NANI?
Somo kutoka kandanda ya Kimarekani

Najua ukisikia neno kandanda akili yako hukimbilia Gor Mahia na AFC Leopards, ama zile mechi za Uingereza zinazotufanya tubishane bwenini hadi kengele ya kulala ilie. Leo sikupeleki huko. Nataka twende Marekani, kwenye mchezo ambao wenyewe huuita kandanda ingawa mguu huugusa mpira mara chache sana. Mpira wao una umbo la yai, hushikwa kwa mikono, na wachezaji huvaa kofia ngumu na vikinga vya mabega kama askari wanaokwenda vitani.

Utaniuliza, "Wewe yanakuhusu nini ya Wamarekani?" Swali zuri. Mwaka jana, nikiwa kidato cha tatu, nilikuwa winga katika timu yetu ya raga. Moyoni nilitamani kujaribu namba kumi, yule anayeamua mpira uende wapi. Nikamweleza mmoja wa wakubwa wa timu. Akacheka, akanipiga bega: "Kijana, wewe Mungu amekupa miguu. Kimbia tu. Mambo ya kufikiri tuachie sisi." Wenzangu wakaangua kicheko. Nami nikacheka nao, lakini usiku ule sikulala vizuri.

Likizo ya Desemba ilipofika nilienda kumtembelea mjomba wangu Nakuru. Mjomba aliwahi kusoma katika jimbo la Ohio. Jumapili moja, saa tatu usiku, akawasha runinga tukatazama mechi ya Marekani. Baada ya dakika kumi nikachoka.

"Mjomba, mbona wanasimama kila mara? Hawa wanacheza ama wanafanya mkutano?"

"Ni mkutano kweli, mjomba," akanijibu. "Na swali kubwa la mchezo huu, tangu zamani, ni nani atakuwa mwenyekiti."

Jibu hilo ndilo lililonifanya nitafute historia ninayokuletea hapa.

MCHEZO WENYEWE

Kila timu huwa na wachezaji 11 uwanjani. Uwanja una urefu wa yadi 100, bila kuhesabu sehemu mbili za mwisho ambamo alama hupatikana. Timu yenye mpira hupewa majaribio 4 ya kusonga mbele yadi 10. Ikifaulu hupewa mengine 4. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Ukiufikisha mpira katika sehemu ya mwisho ya wapinzani unapata alama 6. Ukiupiga teke ukapita kati ya milingoti unapata 3.

Kabla ya kila jaribio, wachezaji hupewa mpango. Katikati yao yuko mtu aitwaye kwotabeki. Huyu ndiye hupokea mpira kwanza, na kwa muda wa sekunde mbili tatu huamua: ampe mkimbiaji, aurushe mbali kwa mdakaji, ama akimbie nao mwenyewe. Nje ya mstari yuko kocha mkuu, ambaye hupanga yote. Basi mchezo huu una miguu na una kichwa. Kichwa ni kwotabeki na kocha. Shika hapo, maana ndipo hadithi yetu ilipo.

ULIKOTOKA

Mechi inayohesabiwa kuwa ya kwanza ilichezwa tarehe 6 Novemba 1869 kati ya vyuo vya Rutgers na Princeton. Kila upande ulikuwa na watu 25, na Rutgers ikashinda 6–4. Ungeitazama mechi ile ungedhani ni soka ya mtaani. Miaka ya 1880, Walter Camp wa Chuo Kikuu cha Yale aliwashawishi wenzake wakubali wachezaji 11, tena timu ikae na mpira wake hadi majaribio yake yaishe. Hapo ndipo mchezo ulipoachana na raga.

Ulikuwa mchezo wa hatari. Mwaka 1905 magazeti yaliripoti vifo vya vijana wapatao 18. Rais Theodore Roosevelt akawaita wakuu wa mchezo kutoka Harvard, Yale na Princeton hadi Ikulu akawataka waurekebishe. Mwaka uliofuata, 1906, ikaruhusiwa kuurusha mpira mbele kwa mkono. Sheria hiyo ndiyo iliyomfanya kwotabeki awe mtu mkubwa.

Na pesa je? Tarehe 12 Novemba 1892, klabu moja ya Pittsburgh ilimlipa William Heffelfinger dola 500 kwa mechi moja tu. Yeye ndiye mchezaji wa kwanza anayejulikana kulipwa. Ligi ya kulipwa yenyewe ilianzishwa tarehe 17 Septemba 1920 katika mji wa Canton, Ohio. Kikao hakikufanyika katika ofisi ya kifahari. La! Kilifanyika katika duka la kuuzia magari. Rais wa kwanza wa ligi alikuwa Jim Thorpe, mwenyeji asilia wa Marekani, aliyekuwa ameshinda dhahabu mbili katika Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912. Mwaka 1922 ligi hiyo ikaitwa National Football League, yaani NFL.

FRITZ POLLARD

Hebu sasa tumwangalie mtu ambaye wengi hawamjui. Fritz Pollard alikuwa mtu mweusi, mwembamba, mwenye mbio za swara. Mwaka 1920 aliisaidia timu ya Akron kuwa bingwa wa kwanza wa ligi bila kushindwa hata mechi moja. Mwaka 1921 akapewa ukocha huku akiendelea kucheza. Yaani, msomaji, mwaka wa pili tu wa ligi tayari mtu mweusi alikuwa miguu na kichwa pia!

Lakini usidhani alikula asali. Huko Akron alilazimika kuvalia jezi katika kiwanda cha sigara cha mmiliki wa timu, kando na wenzake. Akiangushwa uwanjani, wapinzani walimrukia hata baada ya filimbi. Akajifunza kujigeuza haraka alale chali, viatu vyenye meno vikitazama juu, ili anayetaka kumrukia afikiri mara mbili. Huo ndio ukocha wake wa kwanza: kujifundisha namna ya kubaki salama.

MIAKA 12 YA UKIMYA

Mwaka 1933 walibaki wachezaji wawili weusi katika NFL, Joe Lillard na Ray Kemp. Msimu ulipokwisha, wote wawili wakatoka. Kuanzia 1934 hadi 1945 hakuna hata mtu mweusi mmoja aliyecheza katika ligi ile. Misimu 12 mizima!

Nilitafuta sheria iliyowakataza. Haikuwako. Hakuna aliyeiandika wala kuipigia kura. Wamiliki walielewana tu kimyakimya, na walipoulizwa walikana. Hapa nilisimama kidogo kusoma. Nilikumbuka kwamba hata katika timu yetu hakuna karatasi inayosema winga asijaribu namba kumi. Kanuni isiyoandikwa ni ngumu kuing'oa, kwa sababu huwezi kuinyooshea kidole.

Aliyeumia zaidi labda ni Kenny Washington. Mwaka 1939 alikuwa nyota wa chuo cha UCLA, akicheza pamoja na Woody Strode na Jackie Robinson. Alipomaliza masomo, timu za NFL zilimpita kama hawamwoni. Akabaki katika ligi ndogo za pwani ya magharibi, magoti yake yakiharibika.

Mwaka 1946 timu ya Rams ilihamia Los Angeles kutoka Cleveland, ikaomba kutumia uwanja wa Coliseum. Waandishi wa magazeti ya watu weusi, akiwemo Halley Harding, wakasimama mbele ya halmashauri ya uwanja wakauliza: uwanja huu umejengwa kwa kodi ya watu wote, mbona timu iwabague wengine? Rams hawakuwa na jibu. Tarehe 21 Machi 1946 wakamsajili Washington, na baadaye Strode. Hii ilikuwa mwaka mmoja kabla ya Jackie Robinson kuingia ligi kuu ya besiboli.

Washington alikuwa na miaka 27, na magoti yamefanyiwa upasuaji. Hata hivyo, mwaka 1947 alikimbia na mpira yadi 92 kwa mkimbio mmoja, rekodi ya klabu ya Rams. Mwaka 1948 akastaafu. Mimi hujiuliza: angeingia mwaka 1940 ingekuwaje? Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki.

Timu ya mwisho kufungua mlango ilikuwa ya jiji la Washington. Mmiliki wake, George Preston Marshall, alikataa katakata hadi serikali ya Rais Kennedy ilipoingilia. Uwanja mpya wa timu ulikuwa kwenye ardhi ya umma, na Waziri Stewart Udall akasema: ukibagua, hutauchezea. Mwaka 1962 Bobby Mitchell akaanza kucheza pale.

MAKOCHA WALIOKUWA WALIMU

Walimu wetu wapendwa, sehemu hii ni yenu. Makocha wawili wakubwa wa mchezo huu waliwahi kufundisha katika shule za sekondari.

Wa kwanza ni Paul Brown, wa Cleveland Browns. Yeye aliugeuza mchezo kuwa darasa. Wachezaji walipewa madaftari, wakaandika mipango, wakatahiniwa kwa kalamu na karatasi. Alitumia filamu kuwachunguza wapinzani na kusahihisha makosa. Mwaka ule ule wa 1946 aliwachukua Marion Motley na Bill Willis, watu weusi wawili, katika ligi shindani ya AAFC. Timu yake ikachukua ubingwa wa ligi hiyo miaka minne mfululizo. Ilipoingia NFL mwaka 1950, wengi walidhani itaaibika. Ikawa bingwa mwaka huo huo!

Miaka ya baadaye Cleveland ilimpata Jim Brown, ambaye wengi humtaja kuwa mkimbiaji hodari kuliko wote. Kwa misimu 9, kuanzia 1957 hadi 1965, alikimbia yadi 12,312. Mwaka 1966, akiwa na umri wa miaka 30 na bado hakuna wa kumkamata, aliacha mchezo kwa hiari yake.

Wa pili ni Vince Lombardi, aliyewahi kufundisha Kilatini, fizikia na kemia. Mwaka 1959 aliichukua Green Bay Packers, timu ya mji mdogo inayomilikiwa na wananchi wenyewe. Msimu uliotangulia ilikuwa imeshinda mechi 1 tu kati ya 12. Chini yake ikawa bingwa miaka ya 1961, 1962, 1965, 1966 na 1967, na ikashinda fainali mbili za kwanza za Super Bowl. Ile ya kwanza ilichezwa tarehe 15 Januari 1967, Packers wakaifunga Kansas City 35–10. Lombardi hakuvumilia ubaguzi. Hoteli au mkahawa uliowakataa wachezaji wake weusi, timu nzima haikukanyaga. Alifariki mwaka 1970, na kombe la Super Bowl lina jina lake hadi leo.

KICHWA KINAPOKATALIWA

Sasa tumefika penye uti wa somo. Kufikia miaka ya 1960 watu weusi walikuwa wamejaa uwanjani. Walikimbia, walidaka, walizuia. Lakini nafasi ya kwotabeki? Hapo milango ilifungwa. Ilisemwa ati hawana akili ya kuongoza. Kijana aliyekuwa kwotabeki chuoni alifika kwenye ligi akaambiwa, "Wewe una mbio, nenda ukadake."

Mwaka 1968 timu ya Denver ilipata majeruhi, ikamwingiza Marlin Briscoe. Akawa mtu mweusi wa kwanza wa zama mpya kuanza mechi akiwa kwotabeki, na mwaka ule alirusha mipira 14 iliyoleta alama 6 kila mmoja. Ungetarajia atunzwe kama mboni ya jicho. Wapi! Mwaka uliofuata hakupewa nafasi. Akaenda Buffalo, akageuzwa kuwa mdakaji.

Warren Moon naye, mwaka 1978, hakuchaguliwa na timu hata moja. Hakukubali kugeuzwa. Akahamia Kanada, akaisaidia Edmonton kutwaa ubingwa miaka mitano mfululizo, ndipo Houston ikamleta nyumbani mwaka 1984. Mwaka 2006 aliingizwa katika jumba la mashujaa wa mchezo huo kule Canton, kwotabeki mweusi wa kwanza kupata heshima hiyo.

Kisha akaja Doug Williams. Tarehe 31 Januari 1988 aliiongoza timu ya Washington, naam, ile ile iliyokuwa ya mwisho kufungua mlango, katika fainali dhidi ya Denver. Siku iliyotangulia alikuwa ametibiwa jino. Katika robo ya kwanza goti likateguka, na timu ikawa nyuma 10–0. Akarudi uwanjani akichechemea. Katika robo ya pili peke yake Washington ilipata alama 35, na Williams akarusha mipira minne ya alama 6. Mwisho ulikuwa 42–10, naye akatajwa mchezaji bora wa fainali.

Tarehe 12 Februari 2023, fainali ilikuwa na makwotabeki weusi pande zote mbili kwa mara ya kwanza: Patrick Mahomes wa Kansas City na Jalen Hurts wa Philadelphia. Kansas City ikashinda 38–35.

NA KITI CHA KOCHA?

Hicho kilichelewa hata zaidi. Baada ya Pollard, ilipita zaidi ya miaka 60 kabla NFL kupata kocha mkuu mwingine mweusi: Art Shell wa Raiders, mwaka 1989. Mwaka 2003 ligi ikaweka kanuni, safari hii ya kuandikwa, kwamba timu inayotafuta kocha mkuu lazima imhoji angalau mtu mmoja wa jamii zilizoachwa nje. Inaitwa Kanuni ya Rooney, kwa jina la Dan Rooney, aliyekuwa mmiliki wa Pittsburgh Steelers.

Mtu aliyenigusa zaidi ni Tony Dungy. Alikuwa kwotabeki katika Chuo Kikuu cha Minnesota. Mwaka 1977 alipotaka kuingia NFL, hakuchaguliwa na timu yoyote. Steelers wakamchukua, lakini kama mlinzi. Hakulia wala kuondoka. Alisoma mchezo kutoka kule nyuma alikowekwa, na mwaka 1981, akiwa na miaka 25, akawa kocha msaidizi. Tarehe 4 Februari 2007 aliiongoza Indianapolis Colts kuishinda Chicago Bears 29–17, akawa kocha mkuu mweusi wa kwanza kutwaa Super Bowl. Kocha wa Bears siku hiyo, Lovie Smith, alikuwa mweusi vilevile. Kichwa walichokikataa kikawa kichwa cha bingwa.

Na sisi tumo humo kidogo. Mwaka 2013 timu hiyo hiyo ya Colts ilimsajili Daniel Adongo, mchezaji wa raga aliyezaliwa Nairobi, ambaye hakuwa amewahi kucheza kandanda ya Kimarekani. Desemba mwaka huo akawa Mkenya wa kwanza kucheza katika NFL.

Hata hivyo nisikudanganye kwamba kazi imekwisha. Ingawa zaidi ya nusu ya wachezaji ni weusi, makocha wakuu weusi bado ni wachache katika timu zote 32.

HITIMISHO

Nilirudi shuleni Januari nikaenda moja kwa moja kwa kocha wetu, mwalimu. Nikamwambia, "Mwalimu, naomba nijaribiwe namba kumi." Akanitazama, akasema, "Mbona hukuniambia mapema?" Kumbe mlango haukuwa umefungwa na mwalimu. Mechi ya kwanza niliangusha mpira mara tatu tukashindwa. Ya pili tukatoka sare. Sijawa Doug Williams, lakini naendelea kujifunza.

Ila kuna jambo moja limebaki, na sharti nilikiri hapa mbele yenu nyote. Muhula wa pili alinijia kijana wa kidato cha kwanza, mnene, mpole. Akaniambia angependa kujifunza kupiga mikwaju. Kabla sijafikiri nikajisikia nikisema, "Wewe mwili wako ni wa skramu. Enda ukasukume." Akacheka. Nilikijua kicheko kile. Nilikuwa nimecheka hivyo hivyo mwaka uliotangulia.

Nilimfuata jioni karibu na bwalo nikamwomba msamaha. Siku hizi, baada ya mazoezi, hubaki naye na mpira mmoja mbele ya milingoti. Mikwaju mingi inakwenda kando. Mingine inapita.

MSAMIATI

Kwotabeki – mchezaji anayepokea mpira kwanza na kuamua utakwenda wapi.
Mdakaji – mchezaji anayekimbia mbele ili audake mpira uliorushwa.
Mchezo wa kulipwa – mchezo ambao wachezaji huufanya kama kazi ya mshahara.
Zama – kipindi fulani cha historia.
Kanuni isiyoandikwa – desturi inayofuatwa bila kuwekwa katika maandishi.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini sheria ya mwaka 1906 ilimfanya kwotabeki awe mtu muhimu zaidi?
2. Eleza jinsi uwanja wa umma ulivyotumiwa kuvunja ubaguzi mwaka 1946 na mwaka 1962.
3. Linganisha njia aliyofuata Warren Moon na ile ya Tony Dungy. Wewe ungefuata ipi?
4. Taja kanuni moja isiyoandikwa katika shule yetu. Nani anaumia kwayo, na nani anaweza kuivunja?